Viduara Viwili Nyuma ya Springi

Kisa kizima kiligharimu seti mbili za beringi, banda moja la mabati pale Kariobangi lenye mlango wa kufuli mbili, na jina la fundi mmoja. Nimehesabu mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu, na kila nikihesabu jina linabaki mwisho wa orodha kwa sababu ndilo pekee nisilojua bei yake. Hivyo vingine nilivijua mpaka senti. Mtu akitaka kunipunja kwenye beringi lazima aamke mapema, na hata akiamka atanikuta nimeshafika. Kwenye jina nilipunjwa mchana kweupe, nikitabasamu, nikidhani mimi ndiye ninayepunja. Ndiyo sababu ninaandika kwa hasira, na sitaomba radhi kwa hasira hiyo hata nikifika ukurasa wa mwisho.

Fundi Kimeu tulimzika mwezi uliopita. Kabla ya basi kuondoka kumpeleka kwao Ukambani, ibada ilifanyika katika ukumbi wa kanisa si mbali na lilipokuwa banda lake, na watu wakapewa nafasi ya kumkumbuka. Wa nne kusimama alikuwa mzee mmoja wa suti ya kijivu, fimbo mkononi, aliyefika na gari la zamani la michezo, la milango miwili na paa la turubai. Nitamwita Wakili, kwa sababu ndivyo tulivyomwita, na kwa sababu watu wa kazi yake wakitajwa kwa jina huandika barua. Akashika kipaza sauti akasema, "Marehemu aliiua injini yangu. Mimi nikamsamehe. Tukawa marafiki. Vyuma vyenyewe bado ninavyo, kwenye kabati la vikombe vyangu vya mashindano, ndani ya mfuko uleule alionikabidhi. Ni kumbukumbu." Watu wakacheka, kile kicheko cha matanga, cha shukrani kwa yeyote atakayewapumzisha kulia. Mimi nilikuwa nimeshasimama. Bi Zuhura, aliyetulisha sote miaka ile, akanibonyeza goti kwa mkono wake wa kukandia unga. "Kaa, mwanangu," akasema bila kunitazama. "Maiti hasubirishwi." Nikakaa. Tangu siku hiyo nimekaa, na kukaa kumenichosha.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilizaliwa wapi na nilisomea wapi havihusiani na habari hii, tuviache. Nilikuwa napanga nusu ya chumba Shauri Moyo, nusu nyingine ikiwa ya mwanamke aliyeuza nguo kuukuu Gikomba, katikati yetu pazia la maua lililofunika kila kitu isipokuwa kukoroma. Bomba la maji lilikuwa uani, moja kwa nyumba zote, na asubuhi ndoo zilipanga foleni kabla ya watu. Kwa Fundi Kimeu kazi yangu ilikuwa mdomo. Yeye alifungua injini, mimi nikaenda kununua kilichokosekana: beringi, gasketi, ringi, chujio. Nikirudi nilizimwaga mezani, nikazihesabu, nikazirudisha kwenye boksi, nikazihesabu tena. Kimeu alinicheka kwa hilo. "Nduku," aliniambia, "wewe hata ukipewa baraka utaomba risiti."

Yeye mwenyewe alitoka katika ukoo wa wachonga vinyago, na alichonga twiga na vifaru mpaka mti mzuri ulipokuwa adimu, ndipo akahamia kwenye chuma. Mikono ilibaki ileile. Alipitisha ukucha wa kidole gumba juu ya krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, kama mtu anayepapasa mpingo uliopigwa msasa, akakuambia imelika kiasi gani, kisha ukaenda kupimisha kwa mashine kule Baba Dogo wakakupa jibu hilohilo na kukutoza ada. Banda lake lilikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja. Injini ikifunguliwa, gunia linatandikwa sakafuni, kila kipande kinawekwa kwa mpangilio kilivyotoka, na watu wawili wanahesabu kwa sauti. Kazi ikiisha, vyuma vikuukuu vyote vinaingia kwenye mfuko wa khaki, mdomo unashonwa kwa uzi, na mfuko unakabidhiwa mwenye gari. Mji huu unaamini kwamba fundi hula beringi nzima na kukurudishia kuukuu, na Kimeu alikuwa amechoka kushukiwa. "Kilichotoka kwenye gari la mtu ni cha mtu," alisema. Ilikuwa sheria nzuri. Ndiyo iliyotumaliza.

Wakili alifika mwanzo wa mwaka, akashuka kwenye lile gari akiwa amevaa glavu. "Niaje, fundi," alisema, salamu ya vijana wa mtaani, na vijana wa karakana jirani wakainamia spana zao wasionekane wakicheka. Shida yake ilikuwa sindano. Gari likiwa baridi, geji ya presha ya oili ilisoma vizuri; likipata joto na kusimama kwenye taa za barabarani, sindano ililala chini kama mlevi. Karakana mbili za upande ule mwingine wa mji zilikuwa zimemtilia oili nzito zaidi na kumtoza kana kwamba wamemtilia asali. Kimeu hakubishana na geji wala hakuiamini. Aling'oa bomba lake, akafunga ya kwake aliyoitoa kwenye trekta bovu, akawasha injini, kisha akaagiza chai. Tukanywa chai na mahamri ya Bi Zuhura huku gari likinguruma, kwa sababu ugonjwa huu hauonekani mpaka injini iive. Chai ilipoisha, sindano ya trekta nayo ilikuwa imelala.

Wakili alitaka kujua kwa nini basi asibadilishe tu pampu. Kimeu akanigeukia mimi. "Kwenu Shauri Moyo, mnachota maji wapi?"

"Bomba la uani."

"Na wa ploti ya juu, ya chini na ya pili wakifungua yao yote kwa pamoja?"

"Yanatoka kama machozi."

"Basi," akamwambia Wakili. "Si kwamba maji yameisha. Matundu yamezidi. Oili yako inapita kati ya krenki na beringi, na nafasi ile inatakiwa iwe nyembamba kuliko unywele. Imepanuka. Oili inakimbia, presha inaanguka. Pampu mpya itasukuma tu oili nyingi kwenye matundu yaleyale."

Tulifungua. Beringi za injini kama ile si zile za gololi; ni vigamba vya nusu duara, vyembamba, juu madini laini ya kijivu, chini shaba. Ukiona shaba, uhai wake umekwisha. Tulivipanga kwenye gunia tukahesabu: sita vya krenki, vinane vya mikono ya pistoni, kumi na vinne, vyote vyekundu kama ndimi. Vipya viliagizwa ng'ambo, nami nikapatana bei na wakala wa forodha mpaka akaniuliza kama nina watoto, nikasema sina, akasema anawahurumia watakaokuja. Krenki ilichongwa Baba Dogo. Kimeu akafunga injini kwa siku tisa bila redio. Alipoiwasha ikaiva, na sindano zote mbili, ya trekta na ya gari, zikasimama kwenye arobaini na tano gari likikimbia, ishirini likisimama. Nilishona mfuko mwenyewe, vigamba kumi na vinne ndani, nikampa Wakili. Akalipa. Tukala wali siku ile, na Bi Zuhura akatia nyama bila kuombwa.

Laiti kisa kingeishia kwenye wali. Wakili alirudi baada ya wiki tatu akiwa na uso wa mtu aliyeibiwa. Katika chama chao cha magari ya zamani, ambako watu wazima hufungua boneti Jumapili na kutazamiana, alimkuta mwenzake ambaye sindano yake inasoma sitini na tano. Kwa nini yake arobaini na tano?

"Mwenzako ana injini yake," alisema Kimeu. "Na huenda ana geji inayompenda."

"Pale pembeni pana springi," alisema Wakili. "Nimeambiwa ukiweka washa nyuma yake, presha inapanda."

Ilikuwa kweli. Pembeni mwa injini kuna kizibo kidogo kinachoshikiliwa na springi; oili ikizidi nguvu, inakisukuma na kurudi chini, ndio mlango wake wa kupumulia. Ukitia viduara vya chuma, hizo washa, nyuma ya springi, mlango unakuwa mzito, na sindano inapanda, hata kama injini haijapata faida ya senti moja. Kimeu alifuta mikono yake polepole. "Mdosi," alisema, kama tunavyomwita mwenye pesa, "wewe ni mtu wa mahakama. Sindano ni shahidi. Shahidi ukimlisha atasema unavyotaka. Ila injini ilikuwepo, na inajua kilichotokea." Wakili akacheka, akamwita mwanafalsafa, akaondoka. Kwa Kimeu hilo lilikuwa limekwisha. Sisi maskini hudhani tukishasema hapana, mwenye pesa amesikia hapana.

Wakili alikuwa amenogewa na mahamri, kwa hiyo aliendelea kuja kwa Bi Zuhura, siku nyingine na yule mwenzake wa chama. Kibanda cha Bi Zuhura kilikuwa ukuta mmoja na banda letu, benchi mbili, meza yenye plastiki ya matunda, na sufuria ya mbaazi za nazi ambayo harufu yake ilitufanya tukosee hesabu, mimi nikiwemo. Mchana mmoja Bi Zuhura alikuja kwetu kuchukua vikombe vyake vya chai akasimama mlangoni. "Yule mdosi wenu," alisema, "anamwambia mwenzake kwamba wametia viduara viwili nyuma ya springi, wao wenyewe, nyumbani kwake, na sindano imepanda hadi sabini. Wanapongezana kama wamepata mtoto. Ni jambo zuri hilo?" Kimeu alikuwa anakula muthokoi wa mahindi aliofungiwa na mkewe. Akaacha kutafuna. Kesho yake asubuhi alinituma mjini, ofisini kwa Wakili, ambako nilikaa kwenye kiti cha ngozi muda wa kutosha kuhesabu vifungo vyake, kumi na sita, kabla sijaitwa. Nikamwambia kama nilivyotumwa: asubuhi ya baridi oili ni nzito, presha itapita kiasi, mpira wa chujio utapasuka na oili yote itamwagika. Atoe zile washa. Alinisikiliza akitazama saa. "Nduku," alisema, "wewe kazi yako ni kununua vipuri. Mwambie fundi asiwe na wivu."

Kwa hiyo aliambiwa. Naomba hilo likumbukwe, kwa sababu yeye ameshalisahau. Aliambiwa mchana, ofisini, na mimi, nikiwa nimevaa viatu vya kuazima.

Julai, kwenye baridi ya Limuru, alfajiri ya safari yao ya chama, mpira wa chujio ulipasuka. Oili ikaandika mstari mweusi barabarani. Sindano ikaanguka hadi sufuri, na bwana huyu, aliyeitazama sindano ile tangu mwaka uanze kama mtu anayetazama mke mpya, asubuhi hiyo alikuwa anatazama mashamba ya chai. Aliendesha mpaka injini ikashika na kukwama. Gari liliingia Kariobangi likivutwa kwa kamba, na Wakili hakusema niaje. Alisema, "Fundi, umeniua."

Tulitandika gunia. Vigamba kumi na vinne, vipya vya miezi michache, vimeungua vimejikunja. Mpira wa chujio, umechanika kama mdomo. Na Kimeu alipofungua ile nati ya pembeni akatoa springi, nyuma yake, ving'avu kama sarafu, viduara viwili. Tulihesabu kwa sauti: kimoja, cha pili. Nikahesabu tena. Nikamwambia, "Fundi, hivi tunabaki navyo."

"Ni vyake."

"Ndiyo ushahidi wetu."

"Ni vyake, Nduku. Vilitoka kwenye gari lake. Nikianza leo kuficha washa, kesho nitaficha beringi. Mimi si mwizi wa washa."

Nilibishana naye mpaka chai ikapoa, jambo ambalo halikuwa la kawaida, kwa sababu kwa kawaida ninashinda kabla haijapoa. Akaviweka kwenye mfuko, akashona mdomo kwa mkono wake, akamkabidhi Wakili mbele yangu. Wakili aliupima uzito kiganjani. Akashukuru. Nikiukumbuka ule mshono hadi leo meno yananiuma: mishono kumi na miwili, iliyonyooka, ya mtu asiye na hatia.

Wiki iliyofuata tuliitwa na kamati ya mafundi. Ilikaa kwenye chumba nyuma ya karakana ya mageti, meza moja, benchi mbili, na soda moja iliyofunguliwa kwa ajili ya Wakili peke yake. Nasi tukatazama mapovu. Wakili alidai injini nzima mpya, la sivyo banda. Beringi zilifungwa vibaya, alisema, tazameni zilivyoungua. Nikasimama nikaeleza habari ya washa. Mwenyekiti, fundi wa mageti aliyekuwa anatarajia oda ya geti la Wakili, akauliza ziko wapi.

"Kwenye mfuko."

"Mfuko uko wapi?"

Wakili akafungua mikono. Uko nyumbani, alisema, na ndani hakuona washa yoyote. Tulikuwa na hesabu iliyoandikwa? Hatukuwa nayo. Sisi tulihesabu kwa sauti, na sauti haishonwi kwenye mfuko. Nikamwita Bi Zuhura. Alikuja na aproni yake akasema alichokisikia, neno kwa neno, viduara viwili, nyuma ya springi, sabini. Mwenyekiti akatabasamu kwa wenzake. "Mama wa mbaazi anajua springi?"

"Springi siijui," alisema Bi Zuhura. "Nayajua masikio. Ninayo mawili, na yote yalikuwepo."

Walicheka, wakamshukuru, wakamrudisha kwenye sufuria yake. Kisha mwenyekiti akasema jambo ambalo mimi nililisikia kama muziki: kwamba kamati haipendi kuhukumu, pande mbili zielewane. Zielewane. Mnisamehe, lakini mtu aliyekulia kwenye kupatana bei akisikia neno hilo mwili unamsisimka. Nikavuta benchi. Wakili akasema injini nzima. Nikasema kazi ya bure tu, basi. Akasema beringi, krenki, mapistoni na kazi. Nikasema mapistoni hayana kosa, ayatazame mwenyewe. Nilimzungusha saa nzima. Nilitaja ugonjwa nisiokuwa nao. Nilinyanyuka kuondoka mara mbili, nikaitwa mara mbili. Mwishoni nilimshusha kutoka injini nzima hadi seti ya beringi, kuchonga krenki, na kazi ya mikono, na muda wa miezi miwili. Tukapeana mikono. Nikatoka nje nikiwa nimevimba kama andazi, nikamwambia Kimeu, "Umeona? Haijafika hata robo ya alichotaka."

Kimeu alikuwa anatazama mikono yake. Alinijibu taratibu sana, bila ubaya, na kwa sababu halikuwa na ubaya sijawahi kupata pa kuliweka jibu lile. "Umepunguza bei ya uongo, Nduku," alisema. "Sasa tumeununua."

Nilielewa katikati ya barabara, nikiwa naelekea kwangu. Asiyekosa halipi hata shilingi. Mtu asiyeua injini hapatani bei ya injini. Nilikuwa nimekwenda pale kumtetea, nikamtilia sahihi ya kosa kwa kinywa changu, nikaomba na punguzo. Kamati nzima iliona tunalipa, na jioni hiyo Kariobangi nzima ilijua kwamba Fundi Kimeu ameua injini ya Wakili. Beringi za ng'ambo hazinunuliwi kwa maneno. Aliuza banda, na kufuli zote mbili. Aliifunga injini ile mara ya pili chini ya paa la mtu mwingine, kwa uangalifu uleule, mimi nikihesabu, akaikabidhi kabla ya ile miezi miwili kwisha. Hakuna mwenye gari la zamani aliyemletea kazi tena. Miaka yote iliyobaki alitengeneza pampu za maji na jenereta za watu kando ya barabara, akaniita Nduku kwa sauti ileile, akanicheka kwa kuhesabu mara mbili, na neno lile hakulirudia. Angelirudia ningejitetea.

Siku ya ibada ile, wengine wakiwa wanakunywa chai na chapati, nilitoka nje. Wakili alikuwa ameliacha gari likinguruma, paa limekunjwa, dereva wake amesimama kando akijifuta jasho. Nikachungulia ndani. Gari lilikuwa limeiva, tangu asubuhi lilikuwa barabarani. Sindano ilikuwa imesimama kwenye ishirini, bila kutetemeka. Nikamwomba yule dereva akanyage kidogo. Arobaini na tano. Injini ambayo Kimeu "aliiua" imembeba msemaji hadi kwenye ibada ya marehemu, kwa beringi zilizofungwa na marehemu, kwa gharama ya marehemu, ili akasimame amsamehe.

Basi, Wakili, barua hii ni yako, na kwa mara ya kwanza ni mimi ninayekuandikia. Umesema mbele ya watu kwamba mfuko unao. Nimekusikia kwa masikio mawili, na Bi Zuhura kwa yake mawili. Mshono wa Kimeu ukiwa haujakatwa, viduara viwili vimo; ukiwa umekatwa, tutajua ni nani alikuwa na sababu ya kuukata. Sidai banda, sidai beringi, na senti zako kaa nazo. Nataka uulete ule mfuko kwa Bi Zuhura, bado anapika mbaazi ukuta uleule, siku yoyote utakayo kabla familia haijaweka msalaba wa saruji. Tutatandika gunia, tutaufungua mbele ya watu, utahesabu wewe kwa sauti, nami nitahesabu nyuma yako. Kisha useme tena ulichosema kanisani, kama bado utakiweza.

Nakujua utataka tuelewane. Utasema ulete nusu, au ulete picha, au tukutane mjini tuzungumze kama watu wazima. Nimekaa na wewe mezani mara moja, na najua unavyoshuka. Safari hii bei ni hiyohiyo, na mimi sipunguzi.